Hesabu ya Mwaka 1971

Mwaka 1971 jimbo la Minnesota, kaskazini kabisa mwa Marekani, lilifunga msimu wa kuwinda kulungu jimbo zima kwa sababu kulungu walikuwa wamepungua mno. Mwaka huohuo likafungua msimu wa kuwinda musi, uliokuwa umefungwa tangu 1922. Kulungu haba, musi wa kutosha. Msitu ni uleule, na mbwa mwitu waliokuwa wakiwala wote wawili ni walewale.

Nimeishi Duluth, mji wa bandari kwenye ncha ya Ziwa Superior, muda wa kutosha kusikia habari za mwaka ule zikisimuliwa kwa namna moja tu. Utaambiwa: zawadi ya kuua mbwa mwitu ilifutwa 1965, na miaka sita baadaye kulungu wakaisha; unataka ushahidi gani tena? Habari ya musi haitajwi kabisa. Musi ni mkubwa kuliko jamaa zake wote wa ukoo wa kulungu: dume hupita kilo 400, begani ni mrefu kuliko mimi, na pembe zake ni pana na bapa kama ungo. Mnyama wa kiasi hicho kuachwa nje ya simulizi kulinitia shaka, nikaanza kusoma.

Nilikuwa na sababu yangu pia. Mimi ni binti wa askari wa wanyamapori. Baba alifanya kazi upande wa Ikoma, magharibi mwa Serengeti, na zama zile mbwa mwitu wetu, wale wenye madoadoa na masikio ya duara, walihesabiwa kuwa wanyama waharibifu. Walipigwa risasi hata ndani ya hifadhi. Baba alitusimulia bila kuficha, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi, na maelezo waliyopewa ni kwamba akifa mbwa mwitu mmoja wanapona swala wengi. Aliyaamini kwa moyo mweupe. Kuyakuta maneno yaleyale upande wa pili wa dunia, kwenye nchi ya theluji, kulinigusa zaidi ya ninavyoweza kueleza.

Desturi ya kulipa watu waue mbwa mwitu ni kongwe kuliko Marekani yenyewe. Koloni la Massachusetts Bay lililipa tangu 1630. Minnesota ilipofanywa eneo la utawala mwaka 1849, iliweka dola 3 kwa kila mbwa mwitu mwaka huohuo, kabla hata haijawa jimbo. Kwa zaidi ya karne moja malipo hayo yalipanda, yakashuka, yakasimamishwa, yakarudishwa, hadi yakafikia dola 35 kwa mbwa mwitu mzima. Serikali kuu nayo iliingia kazini mwaka 1915, Bunge lilipotenga fedha za kuajiri wawindaji wa mshahara. Wa mwisho wa Yellowstone waliuawa 1926. Jirani yetu Wisconsin alifuta zawadi 1957, na ilipofika 1960 hakuwa na mbwa mwitu hata mmoja. Walibaki kwenye misitu ya Minnesota inayopakana na Kanada, na wachache kwenye kisiwa cha Isle Royale. Kwingineko kote katika majimbo 48 ya bara walikuwa wamekwisha.

Hapa mtaani kwangu yupo mzee ambaye babake alitega miaka ya 1950, naye akiwa kijana alimbebea mzigo. Bandani mwake bado inaning'inia mitego ya Newhouse namba 4½. Sewell Newhouse alikuwa fundi wa jimbo la New York, na mitego yake ilitengenezwa na Oneida, jumuiya ya kidini iliyoishi kwa mali ya pamoja. Chuma chao kilienea bara zima. Nilishika mmoja. Una uzito wa zaidi ya kilo mbili, springi mbili ndefu za bapa pembeni, na taya mbili ambazo mtu hazitanui kwa mikono mitupu. Mzee alizikandamiza springi kwa buti zake, mguu mmoja kila upande, akainama akaweka kibati cha katikati, kile kinachokanyagwa, akaniambia nirudi nyuma.

Kilichonivutia zaidi ni kazi iliyotangulia hapo. Mitego ilichemshwa na magome ya miti hadi ikawa myeusi na kupoteza harufu ya mafuta na ya mkono wa mtu. Baada ya hapo haikuguswa bila glavu wala kuingizwa nyumbani palipopikwa nyama. Babake alitafuta mahali kando ya njia ambapo mbwa mwitu wamezoea kukojoa, akapiga goti juu ya kipande cha turubai, akachimba, akaweka udongo wote juu ya turubai ile. Mtego ulikaa chini kidogo ya usawa wa ardhi. Juu ya kibati iliwekwa karatasi ili udongo usijipenyeze chini yake ukakizuia kushuka, kisha udongo uliochekechwa, kisha majani makavu kama yalivyokuwa. Mwisho, matone ya mkojo na dawa ya tezi kwenye kijisongo cha nyasi, umbali wa shibiri moja na nusu hivi. Nyama haikuwekwa. Mbwa mwitu haji pale kula, anakuja kunusa habari za nani amepita. Mnyororo nao haukufungwa kwenye mti, kwani mnyama angevuta hadi ajing'oe. Ulifungwa ndoano nzito ya vidole viwili iliyoburuzwa mpaka ikanasa kichakani. Ardhi ikishaganda, mitego ya udongoni hukwama, na hapo ndipo vitanzi vya waya vilipotumika. Kuna waliotumia ndege ndogo pia, wakipiga risasi kutoka juu ya maziwa yaliyoganda, hadi jimbo lilipoacha katikati ya miaka ya 1950.

Ngozi zilipelekwa ofisi ya kaunti. Kwa familia ya mkata magogo, dola 35 katikati ya majira ya baridi zilikuwa unga, viatu na deni dukani. Sithubutu kumlaumu mtu aliyetega kwa ajili hiyo. Lakini nilimuuliza mzee walinasa mbwa mwitu wa namna gani, akajibu pale pale: wengi walikuwa wa mwaka wa kwanza. Wazazi wa kundi walipita kando.

Jibu hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Kundi la kawaida la Minnesota lina dume na jike wanaozaa, na watoto wao wa mwaka huu na wa mwaka jana. Jike huzaa watoto wanne hadi sita kila majira ya kuchipua. Vijana wakikua huondoka, wengine husafiri mamia ya kilomita, na pakiwa na nafasi popote huiziba. Ndiyo maana mbwa mwitu huweza kupoteza karibu asilimia 30 yao kwa mwaka na mwaka unaofuata wakawa walewale kwa idadi. Mtego mmoja mmoja kando ya njia hupunguza makundi ya hapa na pale kwa msimu. Kuwafuta kabisa kulihitaji sumu ya strikinini, wawindaji wa serikali, bunduki, mashamba na barabara, vyote kwa pamoja. Kaskazini mwa Minnesota havikuwahi kufika vyote.

Sasa kulungu walitoka wapi? Hapa ndipo simulizi ya mtego inaponiudhi, maana inaanzia katikati. Kabla ya miaka ya 1870 kaskazini mwa Minnesota ilikuwa nchi ya musi na reindia wa porini. Kulungu wa mkia mweupe walikuwa wachache. Makao yao yalikuwa kusini. Yakaja makampuni ya mbao, yakaangusha misonobari mikubwa kwa miongo kadhaa. Matawi yaliyoachwa chini yakakauka na kushika moto. Moto wa Hinckley wa 1894 na wa Cloquet wa 1918 uliua watu kwa mamia. Juu ya majivu yakaota machipukizi laini, chakula cha kulungu kila hatua, wakapanda kaskazini kwa wingi usio na mfano. Reindia walitoweka. Musi walipungua hadi 1922 uwindaji wao ukafungwa. Na kwa sehemu kubwa ya wakati huo zawadi ya mbwa mwitu ilikuwa ikilipwa, basi watu wakaona kulungu wengi na ngozi za mbwa mwitu kwa pamoja, wakaunganisha. Shoka ndilo lililowaleta kulungu, sifa ikachukuliwa na mtego.

Kufikia miaka ya 1960 msitu ulikuwa umekomaa. Kivuli kilikuwa kimefunika, na chakula kilikuwa juu, mbali na midomo ya kulungu. Kisha yakaja majira mazito ya baridi mfululizo. Theluji ikifika nusu mita, kulungu huzama hadi tumboni na kila hatua inamla nguvu. Juu ikishika ukoko, inambeba mbwa mwitu mwenye nyayo pana lakini haimbebi kulungu mwenye kwato nyembamba. Musi, kwa miguu yake mirefu, anatembea tu. Watafiti L. David Mech na Patrick Karns, waliofuatilia mambo haya na kuchapisha mwaka 1977, walionyesha kwamba katika sehemu kubwa ya msitu wa Superior kulungu walitoweka kwa mambo matatu yaliyokutana: theluji, msitu mzee na mbwa mwitu. Mbwa mwitu walikuwa na sehemu yao, tena si ndogo. Kulungu waliodhoofika kwa njaa waliliwa kwa kasi kuliko walivyozaliwa. Baadaye mbwa mwitu wenyewe wakafa njaa, watoto wao wakakonda, makundi yakauana kwa kugombea mipaka.

Mech aliona jambo moja ambalo nalipenda mno. Kulungu waliosalia hawakusambaa ovyo. Walikuwa kwenye vipande vyembamba kati ya himaya ya kundi moja na jingine, mahali ambapo kila kundi liliogopa kukaa muda mrefu kwa hofu ya kushambuliwa na jirani. Wanahistoria walikuwa wameshaandika kwamba katika nchi hiihii, karne za nyuma, kulungu walisitawi kwenye ardhi iliyogombewa na Waojibwe na Wadakota, ambako wawindaji wa pande zote mbili waliogopa kwenda. Hao Waojibwe, wenyeji wa ufuo huu, humwita mbwa mwitu ma'iingan na husimulia kwamba alitembea dunia nzima pamoja na mtu wa kwanza kama ndugu yake, na kwamba yanayompata mmoja yatampata mwingine. Zawadi za serikali ziliwekwa bila kuwauliza.

Turudi kwa musi. Kwa nini waliongezeka pale kulungu walipoisha? Mwaka 1964 mtafiti wa Kanada, Roy Anderson, alithibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiwaua musi kwa miaka mingi unatokana na mnyoo mwembamba anayeishi kwenye utando wa ubongo wa kulungu wa mkia mweupe. Kulungu hadhuriki. Mabuu ya mnyoo hutoka na kinyesi, huingia kwenye konokono na koa, na musi anayekula majani akimmeza konokono bila kujua, mnyoo humpanda uti wa mgongo hadi kichwani. Musi mgonjwa husimama barabarani mchana kweupe kichwa kimeinama upande mmoja, anazunguka palepale, miguu ya nyuma inamkatika, hamwogopi mtu wala gari.

Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka baba na sotoka. Serengeti mwaka 1961 ilikuwa na nyumbu 250,000 hivi. Mwaka 1977 walikuwa wamefika takriban 1,300,000. Si kwamba simba walipunguzwa. Ng'ombe wa wafugaji kuzunguka hifadhi walichanjwa, sotoka ikaacha kuua ndama wa nyumbu, na miaka ya 1970 mvua za kiangazi zikasaidia majani. Ugonjwa uliobebwa na mnyama mmoja ulikuwa umeshikilia idadi ya mwingine, na watu walikuwa wakilaumu meno. Mnyoo wa ubongo hana chanjo ya kumpa kulungu wa porini. Kinga pekee ya musi ni kulungu kuwa wachache.

Kinga ya sheria kwa mbwa mwitu wa Minnesota ilianza 1974, wakiwa chini ya 1,000 au karibu na hapo. Kama mtego ndio uliokuwa ukiwalinda kulungu, hapo kulungu wangekwisha moja kwa moja. Kilichotokea ni kinyume. Ukataji miti uliendelea, majira mengi ya baridi yakawa mepesi, kulungu wakajaa. Mwaka 2003 wawindaji wa Minnesota waliua kulungu takriban 290,000, rekodi ya jimbo, na wakati huo mbwa mwitu walikuwa wamefika 3,000 hivi. Mbwa mwitu mmoja hula kama kulungu 15 hadi 20 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe, utaona nani alikuwa mwindaji mkubwa.

Musi ndio walioumia. Kaskazini-magharibi mwa jimbo, kwenye nchi ya mashamba ambako mbwa mwitu walikuwa wachache, musi walikuwa karibu 4,000 katikati ya miaka ya 1980. Ilipofika 2007 hawakufika 100. Walikufa kwa minyoo, utapiamlo na joto, kwani wakati wa kiangazi pumzi za musi huanza kwenda kasi joto likipita nyuzi 14. Kaskazini-mashariki, upande wetu, makadirio yalikuwa 8,840 mwaka 2006 na 2,760 mwaka 2013, na uwindaji ukafungwa tena. Watafiti waliwavisha musi kola za redio ili wafike upesi kwenye mzoga. Takriban theluthi moja ya wakubwa waliokufa waliuawa na mbwa mwitu, na baadhi ya hao walikuwa wagonjwa tayari. Waliobaki wengi walikufa kwa minyoo, kupe na maradhi mengine. Kupe wa majira ya baridi humjaa musi mmoja kwa makumi ya maelfu, naye hujisugua kwenye miti mpaka manyoya yanakatika na mwili unaonekana mweupe.

Ndama ni habari nyingine, na hapa watetezi wa mbwa mwitu wasinyamaze. Ndama wengi wa musi huliwa na mbwa mwitu na dubu majuma machache baada ya kuzaliwa. Tena kulungu wengi hulisha mbwa mwitu wengi, na mbwa mwitu wengi hukutana na ndama wengi. Kulungu anamwumiza musi mara mbili: kwa mnyoo, na kwa kumnenepesha anayemla.

Na kuna mahali ambapo kuua mbwa mwitu kuliongeza musi kweli. Kusini mwa Fairbanks, Alaska, ambako hakuna kulungu wala mnyoo wao, musi walikuwa wameanguka vibaya ilipofika 1975, kwa majira makali na uwindaji uliopita kiasi. Kuanzia 1976 serikali ya Alaska iliondoa sehemu kubwa ya mbwa mwitu wa eneo lile, nyingi ya kazi hiyo ikifanywa kwa ndege, na ndama wakaanza kupona. Musi waliongezeka hadi wakapita 15,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakawa wengi kuliko chakula. Majike wakakonda, mapacha wakawa nadra, ikabidi wawindaji waruhusiwe kuua majike na ndama. Ilifanikiwa kwa sababu mbwa mwitu walipunguzwa mno, mwaka baada ya mwaka, na kwa sababu majani yalikuwepo. Anayeitaja Alaska kwenye mikutano ya hapa angeitaja pamoja na masharti hayo.

Kisiwa cha Isle Royale, kinachoonekana kutoka ufuo wetu siku ya anga safi, hakina mtego wala bunduki, na idadi za wanyama wake zimepanda na kushuka kuliko za kwetu. Mech alipokuwa kijana alihesabu pale musi 77 waliojaribiwa na kundi la mbwa mwitu. Waliouawa ni 6. Musi mzima mwenye afya akisimama imara, kundi humwangalia, likaondoka. Mwaka 1980 mbwa mwitu walikuwa 50. Ugonjwa wa parvo, unaoaminika kuletwa na mbwa wa wageni, uliwashusha hadi 14 ndani ya miaka miwili. Musi wakaongezeka hadi 2,400 hivi mwaka 1995, na majira ya baridi ya 1996 yakaua wengi wao kwa njaa mpaka wakabaki 500 hivi.

Minnesota ilirudisha msimu wa mbwa mwitu, mitego pamoja, kuanzia 2012 hadi 2014. Mwaka wa kwanza waliuawa 413. Mbwa mwitu hawakushuka chini ya 2,000, na mahakama ikausimamisha msimu huo mwishoni mwa 2014. Kisha majira ya 2022 kuingia 2023 yakatuletea Duluth theluji ya zaidi ya sentimita 350, nyingi kuliko mwaka wowote uliorekodiwa. Nilichimba njia ya gari hadi mabega yakagoma. Msimu wa kuwinda uliofuata, wawindaji wa kaskazini walirudi mikono mitupu, na kumbi zikajaa watu wanaodai mitego irudishwe. Nawaelewa. Nyama ya kulungu kwenye friza ni chakula cha familia zao, na mtu aliyekaa kwenye baridi siku nzima bila kuona mkia ana haki ya kuuliza. Lakini waliojibu kwa kutaja theluji walizomewa.

Kuhusu musi, hatua iliyo mikononi mwetu ni kuwapunguza kulungu katika nchi ya musi kwa uwindaji mpana zaidi, na kuchoma au kukata msitu kwa mpango ili machipukizi yapatikane. Wenzangu wa mtaani hawapendi kusikia hilo, hasa nusu yake ya kwanza. Duka la pembejeo njiani kuelekea Two Harbors linauza mahindi kwa gunia kila Novemba, na ninawajua watu wema, wengine marafiki zangu, wanaoyamwaga nyuma ya nyumba ili kulungu wasife njaa. Kulungu anayelishwa hapo mwezi Januari asingekuwepo kama theluji ingeachiwa ifanye kazi yake. Angeteremka kusini au angekufa. Sasa anabaki, anaacha kinyesi chenye mnyoo kwenye vichaka ambavyo konokono wataamka Mei, na nyayo za mbwa mwitu wanaomfuata naziona kando ya barabara ninapokwenda kazini.